Kudura, Kodrat na Safari Yangu ya Java

Safari hii nimeshaisimulia mara nyingi, kila mara nimesimama barabarani, nina mfuko wa viazi mkononi, na kila mara basi linakuja kabla sijafika Java. Wairimu, mwenzetu wa Kenya, ameisikia mpaka uwanja wa ndege tu. Mama Espérance ameipata ile ya msibani tu, akaisambaza mtaa mzima wa Molenbeek baada ya kuiongezea mbwa. Kwa hiyo nimekaa chini, nimezima simu, naandika yote. Atakayeniuliza tena nitampa karatasi, niende zangu.

Habari za tiketi na viza siandiki. Foleni zile kila mmoja wenu anazijua, na hakuna aliyewahi kunogewa nazo.

Saint-Gilles: jinsi nilivyotumwa

Kwa asiyetujua: sisi ni kina mama wa Kiswahili wa Brussels. Wamo Watanzania, Wakenya na Wakongo wa Kivu. Jumamosi mchana tunakutana kwenye ukumbi mdogo wa mtaa wa Saint-Gilles, tunachukua hadithi za wanawake wa nchi za mbali, tunazitia katika Kiswahili, kisha tunagombania kama Kiswahili hicho ni Kiswahili. Mimi ni Zuhura, mtu wa Tanga, nauza khanga na vitenge soko la Jumapili pale stesheni ya treni ya Gare du Midi. Mama Espérance ni wa Bukavu, kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani huko Laeken. Yeye ndiye msomaji wetu, kwa kuwa ana sauti ya kwaya na hakohoi.

Mwaka huu tulikuwa na Waindonesia. Aliyetuingiza huko ni Ratna, jirani yangu, anayepika kwenye mkahawa ulio chini ya nyumba ninayopanga. Ratna alitueleza kwamba kwao wametokea wanawake walioandika yale ambayo mwanamke alitakiwa kuyanyamazia: ndoa, mwili, uke wenza, nani anaamka wa kwanza nyumbani na nani analala wa mwisho. Walisemwa sana. Wakaendelea kuandika. Katika hao tulimchagua mmoja, bibi wa karibu na Yogyakarta, wanayemwita Bu Murti. “Bu” ni heshima, kama sisi tunavyosema mama.

Hadithi yake inaitwa “Mlango wa Mbele”. Mke anaingia na kutoka nyumbani kwake kwa mlango wa jikoni miaka yote. Wageni wa mume wanapita mbele, yeye anapita nyuma na sinia la kahawa. Siku mume anapopewa uongozi wa mtaa na nyumba imejaa wanaume, mke anatoka na sinia lake kwa nyuma, anazunguka nyumba, anaingia kwa mlango wa mbele, anakaa kwenye kiti cha mgeni wa heshima na kuanza kunywa.

Ratna alikuwa akitufasiria kwa Kifaransa, sentensi moja moja, huku akichungulia sufuria zake. Mume wa hadithi hapigi, hafoki, hanuni. Kila mkewe akichoka anamwambia kwa upole, “Hiyo ndiyo kodrat ya mwanamke.” Ratna alipofika hapo akakwama.

“Kodrat,” akasema. “Kifaransa sina. Ni neno la Kiarabu. Linatoka kwa Mungu.”

Mama Espérance akaruka. “Attends, ngoja! Kudura?”

“C’est ça! Kodrat, kudura. Ya Mungu.” Akarudi mbio jikoni, wali wake ulikuwa unaungua.

Nasi tukaandika: kudura ya mwanamke. Sasa nyinyi mnajua kudura kwetu ni nini. Ni uwezo, ule mkubwa, ambao binadamu anauazima tu. Kwa hiyo katika Kiswahili chetu mume yule alitokea kuwa malaika: kila akiletewa kikombe, anausujudia uwezo wa mkewe. Tulimpenda. Papa Déo, mume wa Mama Espérance, alisimuliwa hadithi hiyo nyumbani akaja ukumbini kwa miguu yake kusema, “Bwana ule ni muntu wa maana! Anajua bibi yake iko na nguvu!” Mimi, kwa kuwa biashara ni biashara, niliagiza Dar es Salaam khanga zilizoandikwa KUDURA YA MWANAMKE. Zilikwisha kabla sijazikunjua.

Kilichobaki ni ruhusa ya mwenye hadithi. Na Bu Murti alikuwa ameshaumwa na nyoka. Nchi moja, siitaji, walimfasiri wakambadilishia mwisho: mke anaomba radhi na kurudi jikoni na sinia. Tangu hapo barua za wafasiri hazijibu. Yetu aliijibu kwa mistari mitatu. Mmoja wenu aje. Akae mbele yangu anisimulie hadithi yangu bila karatasi. Nikiitambua ni yangu, mtaisoma hadharani na kuichapa, nisipoitambua, muiache.

“Bon,” alisema Mama Espérance, “ni maman Zuhura ataenda. Ule mwandishi akikataa, maman Zuhura atapatana naye mpaka akubali. Anapatanaka hata na mashine ya tiketi ya metro.”

Ile mashine ilikuwa imekosea. Lakini nilikwenda.

Ghuba: uwanja ambapo ndege zinatua tu

Nilikuwa na begi, mkoba na furushi la khanga. Vitatu. Nikahesabu tena, vitatu. Ndege ya kwanza ilinishusha Ghuba salama. Ya pili ilikuwepo, tunaiona kwenye kioo, wanaiosha. Wakatuambia subirini kidogo. Kidogo kile kilikuwa na watoto na wajukuu.

Pembeni yangu alikaa dada mmoja amevaa koti la baridi katika nchi ya joto lile. Jina lake Sri, Mjava, mtumishi wa nyumba ya watu huko huko Ghuba, anarudi kwao likizo. Kiarabu chake ni cha jikoni, changu ni cha madrasa, kwa hiyo tulielewana katika mambo ya chakula na dini. Nilimpa chapati zangu za Saint-Gilles. Alinipa vipande vyeupe vyepesi vya kamba waliokaushwa, ukivitafuna abiria wa safu ya pili anageuka.

Nikaona huyu ndiye wa kufanyia mazoezi. Nikamsimulia “Mlango wa Mbele” tangu mwanzo. Alisikiliza kama anasikiliza habari za jirani yake, mkono mdomoni. Nilipofika kwa mume mwema na kudura yake, akatikisa kichwa.

“Kodrat,” akasema. “Mama yangu ananiambia hilo hilo kila nikipiga simu. Rudi nyumbani, ni kodrat.”

“Una bahati,” nikamwambia. “Wengi hatukupata mama wa namna hiyo.”

Alinitazama sana. Kisha akanipa kipande kingine cha kamba, kama mtu anavyompa mgonjwa.

Jakarta: naapishwa

Mlangoni mwa uwanja wa Jakarta mwanamume mmoja mwenye kofia alinijia kwa tabasamu, akasema, “Apa kabar, Ibu?”

Mimi nilisikia: apa kaburi. Nimetoka safari ndefu, sijapumzika, mtu wa kwanza ananitaka niape kwa kaburi. Mtoto wa Tanga akitakiwa kuapa anaapa. Nikainua kidole. “Haki ya Mungu, sina magendo. Ni khanga tu.”

Akacheka, akabeba begi. Ni ndani ya teksi yake nilipoelewa kwamba kabar ni habari, na kwamba maskini alikuwa akinijulia hali. Bei yenyewe tulishapatana nje. Alitaja yake, nikataja nusu, akakubali palepale. Kukubali haraka vile kuliniuma njia nzima. Mtu asipolalamika, ujue ulianzia juu mno.

Lakini lile kabar lilinifungua masikio. Meza wanaita meja. Bendera ni bendera. Sabuni ni sabun, dunia ni dunia, jawabu ni jawab. Nikayaokota maneno yale hotelini, dirishani, kwenye mabango, nikayahesabu mara mbili, na kila nikihesabu yanaongezeka. Nikajiona sikuja ugenini, nimeingia kwa shangazi kupitia uani. Kiburi kilinipanda. Nawaambieni mapema ili msije mkashangaa.

Treni ya Yogyakarta: nasi, nasi

Treni zao safi, na zinaondoka saa iliyoandikwa, jambo lililonikuta bado nanunua maji. Niliingia nikihema, nikakaa karibu na mzee mmoja mstaafu anayesoma gazeti.

Tukiwa katikati ya mashamba ya mpunga alipita binti akisukuma kitoroli, anaita kwa sauti nyembamba, “Nasi! Nasi!”

Ikanigusa. Mwenzetu anasema na wao wapo, wasisahauliwe. Nikasogea dirishani, nikapiga kiti kwa kiganja. “Na nyinyi tena? Karibuni, kaeni.” Binti akatabasamu, akaniwekea mapajani sahani ya wali.

“Nasi ni wali,” mzee akanieleza kwa Kiingereza, bila kuinua macho gazetini.

Ulikuwa wali wa kukaanga, yai juu, na pilipili iliyosagwa pembeni ambayo nilidhani ni tomato. Machozi yaliponitoka mzee akanipa leso, akaniuliza ninakwenda kulia wapi kwingine. Nikamwambia kwa Bu Murti.

“Aa. Yule.” Akakunja gazeti. “Mke wangu anamsoma.”

“Na wewe?”

“Mimi nasoma gazeti.”

“Huoni tofauti yoyote nyumbani?”

Akafikiri. “Naona. Zamani gazeti nililetewa kitandani. Sasa nalifuata mwenyewe getini, na nikirudi nakuta chai yangu haipo.”

“Pole.”

“Si neno. Nimejua chai inapikwaje. Maji yanatangulia.”

Yogyakarta: duka la Cita

Asubuhi yake nilikuwa natembea kutafuta chai nikaona barabara imepambwa. Mbao kubwa za maua, ndefu kuliko mtu, zimepangwa mbele ya nyumba moja, na kila ubao una herufi kubwa: TURUT BERDUKA CITA. Turut sikuijua. Cita nikaona ni jina la mtu. Lakini katikati pale, duka! Nimesimama nyuma ya meza ya biashara nusu ya maisha yangu. Neno lile silipiti hivi hivi. Nikasema, leo Cita anafungua duka.

Dalili zote zilikuwepo. Turubai, viti vimepangwa, watu wamevaa vizuri, wanaingia kwa foleni kupeana mikono na wenyeji na kutumbukiza bahasha katika sanduku. Mtaji, nikasema moyoni. Watu wana umoja. Nikajipanga. Nilijua kwamba hongera kwao ni selamat, kwa hiyo nilipofika mbele niliitoa yote, kwa mikono miwili. “Selamat! Selamat! Mungu aongeze wateja!”

Mama mmoja mwenye mtandio mweusi alinishika mkono asiuachie. “Ulimfahamu baba yangu?” akaniuliza kwa Kiingereza.

“Bado,” nikamjibu, “lakini kuanzia leo mimi ni mteja wake. Bidhaa ziko wapi?”

Ndipo nikaiona picha ya mzee, imezungushiwa maua, na nyuma yake watu wanasoma Yasini. Yasini ninaijua. Nikajua nimeingia msibani.

Niliomba radhi kwa lugha zote nilizonazo, nikaeleza kwamba kwetu duka ni mahali pa kuuzia vitu. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, mabega yakaanza kumtikisika, nikajua nimemliza. Kumbe anacheka. Anacheka mpaka akashika ukuta, machozi ya msiba yakichanganyika na mengine. Marehemu, akaniambia, alikuwa muuza viatu. Maisha yake yote alimwingiza dukani kila aliyepita barabarani, na leo, hata amelala, amempata wa mwisho. Nikakalishwa, nikapewa chai tamu na kashata za nazi, nikawasomea Fatiha, nikaondoka kama ndugu.

Kwao duka ni huzuni. Mimi niliyewahi kupanga fremu ya biashara Brussels sioni kama tumepishana sana.

Mwenye akili zake angejiuliza siku ile: kama duka si duka, yale maneno mengine je? Mimi nilijiuliza tu kama ningechukua kashata moja zaidi.

Kwa Bu Murti: maneno mawili

Nyumba yake iko nje ya mji, kando ya mpunga. Mlango wa mbele ulifunguliwa na mwanamume mrefu aliyevaa aproni, mwiko mkononi. Ndiye mumewe, Pak Har; “Pak” ni kama baba. Alinikaribisha kwa furaha ya mtu aliyekuwa akingoja shahidi wa mapishi yake.

Bu Murti mwenyewe ni mdogo wa umbo, nywele nyeupe, miwani imefungwa kamba. Alifundisha Kiingereza shuleni, na anakisema kwa sentensi kamili, kama anaandika ubaoni.

“Kula kwanza, Bu Zuhura. Msimulizi mwenye njaa hufupisha.”

Chakula kilikuwa fenesi. Fenesi bichi, limepikwa kwa nazi na sukari, linaliwa na wali na yai. Mtu wa Tanga analijua fenesi tangu kuzaliwa, lakini hajawahi kulikuta limevaa nguo za mchuzi. Tonge la kwanza nilidhani nimeanzia mwisho wa mlo. La pili nikalizoea. La tatu nikaomba liongezwe, na Pak Har akamtazama mkewe kwa ushindi.

Kisha nikatoa zawadi, doti yangu ya khanga. Bu Murti akaikunjua, akasifu rangi, akapitisha kidole kwenye maandishi. Akauliza inasema nini.

Nilijiandaa kwa swali hilo tangu Saint-Gilles. Nikamjibu kwa lugha yake mwenyewe, kifua mbele. “Kodrat perempuan.”

Mwiko wa Pak Har ukasimama. Bu Murti akaikunja khanga taratibu, ncha kwa ncha, akaiweka mwisho kabisa wa meza.

“Umevuka dunia kuniletea nguo yenye maneno hayo?”

“Ndiyo,” nikasema. “Na ni pamba tupu.”

Akavua miwani. Kisha akanieleza, bila kupandisha sauti hata mara moja. Kodrat ni vile mwanamke alivyopangiwa. Kuzaa, kupika, kutii, kukaa nyuma. Wakisema limetoka kwa Mungu hakuna wa kukata rufaa. Aliambiwa neno hilo alipotaka kuendelea na masomo, aliambiwa siku ya harusi. Enzi zile wake wa watumishi wa serikali walipangwa mistari katika chama chao kwa kufuata vyeo vya waume. Mke wa mkubwa mbele, mke wa karani nyuma. Hilo nalo lilikuwa kodrat. Waandishi wanawake waliokuja baadaye wakiandika kwa ujasiri, magazeti yaliwaita waandishi wa manukato, kana kwamba wanapuliza vitabu, hawaviandiki. Yeye na wenzake wameishi wakilipiga vita neno hilo moja.

“Sasa niambie,” akasema. “Mume katika hadithi yangu ni mtu wa namna gani?”

Nikasema, “Tulimwona mwema.”

“Mwema!”

“Mpole. Anausifu uwezo wa mkewe. Papa Déo anataka kumuiga.”

Pak Har akaingia jikoni na kufunga mlango; nilisikia akikohoa kwa namna ambayo si kikohozi. Bu Murti hakucheka.

“Basi hadithi mliyonayo si yangu. Samahani, Bu Zuhura. Utalala hapa leo, kesho utarudi na nguo yako. Msiisome.”

Nikawaona nyote mbele yangu. Ukumbi tumeshauomba, matangazo yameshabandikwa, Mama Espérance anaikariri akiosha wazee. Sokoni biashara haifi mpaka mteja aondoke. Hapa taabu ni kwamba wa kuondoka nilikuwa mimi. Kwa hiyo sikuondoka.

“Leta kitabu,” nikamwambia. “Tuhesabu neno hilo limo mara ngapi na nani analisema.”

Tukahesabu. Mume, mume, mama mkwe, jirani, mume. Tukahesabu tena, maana yeye naye, kumbe, ni mtu wa kurudia hesabu. Wote wanalisema kumwambia mke. Isipokuwa ukurasa wa mwisho: mke amekaa kwenye kiti cha mgeni, kikombe mdomoni, mume anamnong’oneza arudi jikoni, na mke ndiye anayejibu: hii ndiyo kodrat yangu.

“Hapa anamaanisha nini?” nikauliza.

“Anawarudishia neno lao. Lakini kwa Kiindonesia neno ni moja, na wapo wanaosoma wakadhani ametii. Hapo ndipo yule mfasiri alipomwombesha radhi.”

“Sisi tunayo mawili.”

Akavaa miwani.

“Hilo unalolipiga vita,” nikasema, “kwetu ni maumbile. ‘Vumilia, ndiyo maumbile ya mwanamke.’ Shangazi zangu walinisomesha hilo kabla sijajua kusoma. Kudura ni kitu kingine. Kudura ni uwezo. Ni wa Mungu, na wa yule anayempa.”

Alinitamkisha yote mawili, mara kadhaa, akiyasikiliza kama mnunuzi anayegonga nazi. Akaamua: maumbile mwanzo hadi mwisho. Yeye aliandika neno moja, na sisi tutumie moja.

Hapo ndipo tulipoanza kupatana kweli. Nikamwambia achukue yote, ya mume, ya mama mkwe, ya jirani, sibishani hata nukta. Aniachie la mwisho. Akasema la mwisho ndilo hadithi yenyewe. Nikasema ndiyo maana nalitaka. Akasema msomaji hatajua kwamba ni neno lile lile. Nikasema msomaji wetu ataona mke amekataa kuokota walilomtupia, ametoa lake kifuani.

“Unataka nikupe neno la mwisho nyumbani kwangu?”

“La mwisho tu, Bu.”

Mlango wa jikoni ukafunguka kidogo. “Mpe,” ikasema sauti ya Pak Har. “Mimi hajawahi kunipa.”

Hapo alicheka. Akaniambia nianze upya. Nikasimulia hadithi nzima kwa Kiswahili kwanza, asikie sauti yake, kisha kwa Kiingereza, maumbile mahali pa maumbile na kudura pale mwishoni tu. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza aliyafumbua.

“Naitambua,” akasema. “Nusu. Isomeni mara moja, kisha unipigie uniambie watu walifanya nini. Wakikupigia makofi ya adabu wakaenda kwao, msiichape.”

Khanga hakunirudishia. Alimfunga Pak Har kiunoni juu ya aproni, maandishi mbele, akamwambia leo avae uwezo aone uzito wake. Pak Har akaenda kuosha vyombo nayo.

Saint-Gilles tena: ukumbini

Kurudi hakukuwa na jambo, isipokuwa begi langu lilitangulia kwenda nchi nyingine na kunifuata baadaye likiwa na stika nzuri. Mama Espérance nilimkuta kwenye metro, akitoka kazini. Nilipomweleza kati ya vituo viwili, alisimama abiria wote wakageuka.

“Yesu! Donc bwana ule ni mubaya?”

“Ni mbaya kwa upole.”

“Na Déo nitamwambia nini? Anamupenda sana!”

Hakumwambia kitu. Ndiyo sababu Jumamosi ile ukumbi ulijaa wanaume: Papa Déo alikuwa amewaalika rafiki zake wote wa kanisani na wa kazini waje wamsikie mume wa mfano. Walikaa mbele, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi.

Mama Espérance akasoma. “Maumbile” ya kwanza ilipotoka, bwana mmoja aliitikia, “Voilà, ni kweli.” Ya pili, kina mama wakaguna. Ya tatu Wairimu akasema kwa nguvu, “Huyu nilimwacha Nakuru!” Kila mume wa hadithi alipofungua mdomo kwa upole wake ule, nilimwona Papa Déo akishuka kitini, kidogo kidogo, kama mtu anayevuliwa nguo hadharani. Mke akazunguka nyumba na sinia. Akaingia kwa mlango wa mbele. Akakaa. Mume akamnong’oneza. Na Mama Espérance akashusha karatasi, akatutazama, akasema bila kusoma, “Hii ndiyo kudura yangu.”

Hakuna aliyepiga makofi. Nikaanza kuhesabu viti, nikijua nimepoteza.

Papa Déo akasimama. “Non, non, non. Mulitubadilishia! Ile ya kwanza ilikuwa muzuri. Muturudishie bwana wetu!”

“Bwana gani?” akajibu mkewe kutoka mbele. “Hakukuwakaka bwana ule, papa. Tulimuokota kwa makosa!”

“Makosa muzuri basi!”

Rafiki yake wa kanisani akasema mume hakutenda dhambi yoyote, amesema neno tu. Mama mmoja wa Goma akamuuliza kama ameshawahi kubeba neno hilo kichwani miaka yote hiyo. Kijana mmoja wa Kigamboni akasema mke angeomba tu kiti, angepewa. “Kwake mwenyewe?” akajibiwa, si na mwanamke, bali na Papa Déo. Akashangaa mwenyewe alichosema, akaketi, akainuka tena, sasa anagombana na rafiki zake. Mwenye ukumbi, Mbelgiji mpole wa Kiflamandi, alikuja na funguo, akauliza kuna nini, akaelezwa kwa Kifaransa na watu wanne kwa pamoja, naye akatoa maoni yake. Hakuafikiwa. Akazima taa. Watu wakahamia kwenye ngazi, wakaendelea.

Kesho yake nilimpigia Bu Murti.

“Walipiga makofi?”

“Hapana, Bu. Waligombana.”

“Wanawake na wanaume?”

“Na wanaume kwa wanaume. Tulizimiwa taa.”

Nikasikia akimtafsiria Pak Har, na Pak Har akiuliza kitu, na yeye akimnyamazisha. Kisha akarudi kwenye simu.

“Basi imefika,” akasema. “Chapeni.”